Joto la Kumfikisha Mama Iyunga

Hita ya kombi yangu iligoma Nyololo, asubuhi ya ukungu, mama akiwa ameshapanda, amevua viatu na kujilaza kwenye kitanda cha nyuma chini ya blanketi mbili. Nilibonyeza swichi. Feni ikazunguka, pampu ya petroli ikaanza kugonga taratibu kama kawaida yake, na hewa ikatoka kwenye matundu ya sakafuni. Nikasubiri, maana hita ile ni ya kizamani na huchukua muda kushika moto. Hewa ikaendelea kutoka ya baridi ile ile, halafu hita ikajizima yenyewe.

"Mbona inapuliza kama mlango wa jikoni?" mama akauliza kutoka ndani ya blanketi.

"Inajipanga, mama."

"Ikimaliza kujipanga uniamshe."

Alitania, lakini nilijua anachokihofia. Tulikuwa tunakwenda Iyunga, Mbeya, kwa dada yake, mama yetu mkubwa, ambaye alikuwa amelala kwa mwanawe na hawezi tena kuketi bila kushikwa. Kila aliyempigia simu aliulizwa swali moja tu: mdogo wangu anakuja lini? Kungoja msimu wa joto hatukuweza. Waliomwona walituambia kwa upole kwamba tusihesabu hadi huko.

Na mama naye kifua chake kilikuwa kimechoka. Mwaka uliotangulia alisafiri kwa basi mwezi wa sita kwenda kwenye mazishi, akakaa penye dirisha lisilofunga, akarudi na nimonia iliyomlaza hospitali ya misheni mpaka tukaanza kunong'ona koridoni. Daktari alituambia kifua kile kisipigwe tena na baridi ya safari. Dada yangu, anayeishi naye Kihesa, mjini Iringa, aliishika kauli hiyo kama amri ya Mungu. Aliponikubalia kumchukua mama aliniwekea sharti moja: "Hita ikizima, mnarudi. Sitaki maelezo ya kifundi." Nami nilimjibu kwamba hita iliyopita mikononi mwangu haizimi.

Niseme kwa nini nilijibu hivyo. Niliondoka Iringa nikiwa na begi moja na cheti cha kidato cha nne ambacho hakuna aliyekitamani. Uskoti hakukuwa na mtu wa kunipokea. Niliosha vyombo, nikazoa theluji milangoni mwa watu, nikasoma jioni macho yakinifunga, hadi nikapata diploma ya ufundi wa mitambo ya joto. Imo kwenye fremu sebuleni kwangu, na mgeni asiyeiona huwa namwonyesha. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuingia katika nyumba za watu waliokuwa wanatetemeka na kutoka wakiwa wamevua makoti. Wengine wanaorudi kutoka ng'ambo hurudi na maneno. Mimi nilirudi na kombi.

Niliikuta katika banda la mjane mmoja mkulima, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Ni gari la kulala, lina kitanda, kabati na jiko dogo la gesi, na lilitengenezwa kabla sijazaliwa. Nililifungua lote, nikalifunga tena kwa mikono yangu hii, nikalipakia melini hadi Dar es Salaam, na nilipopanda nalo mlima Kitonga sikusimama hata kidogo. Waliokuwa wamesimama kando kupoza injini zao walinipungia mkono. Sikuwapungia kwa kiburi, ila niliwapungia.

Siku iliyotangulia, kutoka Kihesa hadi Nyololo, hita ilifanya kazi kama tanuri. Mama alivua sweta pale Mafinga na kuniambia kwamba sasa anaelewa nilikuwa nasomea nini. Tungeweza kufika Iyunga siku ile ile, lakini hakuna mwana wa Kihehe anayepita na mama yake mbele ya nyumba ya kaka yake mama bila kulala. Ukifanya hivyo hutasemwa wewe, atasemwa mama kwa malezi. Basi tulilala kwa mjomba, hapo Nyololo. Tulikula ugali na nyama ya kuku karibu na moto, katika nyumba iliyojaa mahindi mpaka sebuleni, maana alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuvuna. Kombi ilibaki uani, na mjomba alisema ataiangalia yeye mwenyewe.

Asubuhi alikuwa ameshatoka kwenda bondeni kuchimba viazi vya kumpelekea dada yao wa Iyunga. Hivyo uani tulikuwa watatu tu: mimi, mama, na mke wa mjomba, mwanamke mwenye sauti ya kuongozea kwaya, na kwa kweli anaiongoza.

"Imekufa?" alinisalimia.

"Shikamoo mama. Haijafa, inaumwa."

"Marahaba. Huko Ulaya magari huwa yanaumwa asubuhi tu, au na mchana?"

Nilitandaza turubai, nikapanga spana zangu kwa ukubwa. Mwalimu wangu wa ufundi alikuwa anatufukuza karakana tukigusa mashine kabla ya kuiuliza maswali, na swali la kwanza ni umeme. Nilipima betri, ilikuwa na nguvu ya kutosha. Nikakagua fyuzi, nikafuata waya mmoja mmoja hadi mwisho wake. Hakuna uliokatika. Umeme upo. Swali la pili ni mafuta. Nilichomoa mpira unaoingia kwenye hita, nikauelekeza kwenye kikombe, nikawasha. Petroli ikaja matone kwa matone, safi, haina maji. Swali la tatu ni cheche. Nilifungua plagi ya kuwashia, nikaikuta ina masizi kiasi, nikaisugua kwa brashi ya waya, nikaijaribu nje; ikawaka nyekundu kama jicho la mgonjwa wa macho. Nikairudisha. Nikawasha hita. Baridi. Ikajizima.

Hapo simu ya mama ikaita. Alikuwa dada yangu.

"Mmefika wapi?" Sauti yake niliisikia hata chini ya gari.

"Tuko njiani," mama akajibu. Ni kweli, Nyololo iko njiani.

"Hita inafanya kazi?"

"Fundi wake anaishughulikia sasa hivi."

"Anaishughulikia vipi? Mama, imezima?"

"Mtandao, mwanangu, mtandao!" mama akasema, akakata. Kisha akachungulia dirishani. "Nimekununulia muda. Si mwingi."

Dada alipiga tena, safari hii kwangu. Alinieleza bila kupandisha sauti, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwamba kuna basi linalotoka Iringa, kwamba anaweza kulipanda, na kwamba ikifika mchana hita bado haijawaka atakuja nalo, amchukue mama yeye mwenyewe kwa gari la kukodi lenye madirisha yanayofunga. Kumrudisha Kihesa, siyo kumpeleka Iyunga. Wote wawili tulijua maana yake: dada wawili waliolala kitanda kimoja utoto wao wote wasingeonana tena. Nilimwambia anipe mpaka mchana.

Mke wa mjomba alikuwa amesikiliza yote. Aliingia jikoni, akatoka na jiko la mkaa limeshika vizuri, jekundu, linapendeza. Akalielekeza kwenye mlango wa kombi.

"Tuliweke hapa chini karibu na miguu yake, ufunge mlango, mwende. Sisi ndivyo tunavyolala siku zote za baridi."

Mama akakaa kitandani. "Ni kweli. Weka, baba. Twende."

Nilisimama mlangoni nikatandaza mikono. Nimesema kwamba napenda kuionyesha diploma yangu, lakini sijawahi kuitumia kwa sauti kubwa kama asubuhi ile. Niliwaambia kwamba mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa isiyo na harufu, isiyo na rangi, inayomlaza mtu kwa upole na kumwacha huko huko. Niliwaambia kwamba Uskoti niliingia katika nyumba ambazo hewa hiyo ilinitangulia. Na nikawauliza, hapa kwetu, ni kipupwe gani kinachopita bila sisi kusikia familia imekutwa imelala na jiko katikati?

Mke wa mjomba alilitazama lile jiko kama mtu aliyemkaribisha mgeni kwa miaka bila kumwuliza jina. Akalibeba, akalipeleka nje kabisa, chini ya ukingo wa paa, akaweka kigoda kando yake.

"Basi wifi aje aote hapa kwenye upepo wa Mungu," alisema. "Na usiku wa leo chumbani kwetu haliingii."

Alimsindikiza mama, akamfunga khanga kifuani juu ya sweta, akampa chai ya tangawizi. Namshukuru kwa chai ile, na namshukuru zaidi kwa kukubali, kwa sababu mtu mzima kuambiwa na mtoto wa wifi yake kwamba desturi ya nyumba yake ni hatari, tena uani kwake, si jambo dogo.

Nilirudi chini ya gari na wazo kubwa. Nyanda zetu hizi ziko juu, hewa yake ni nyepesi, na hita ile ilipangwa kwa ajili ya nchi iliyo karibu na usawa wa bahari. Kwa hiyo, nikajieleza, inapewa petroli nyingi kuliko hewa, moto unakabwa na masizi. Lilikuwa wazo zuri. Nilipunguza kasi ya pampu, nikafungua chumba cha moto, nikakikwangua, nikafunga. Kazi hiyo ilinila sehemu kubwa ya asubuhi. Niliwasha. Baridi. Lakini niseme hili: marekebisho yale sikuyatoa, na tangu siku ile hita inawaka kwa usafi ambao hata aliyeitengeneza hakuupata. Wazo langu lilikuwa sahihi, ila haukuwa ugonjwa wa siku ile.

Ukungu ulianza kuinuka. Nilimwona mama pale kwenye kigoda, mabega yamekunjamana, anakohoa kikohozi kidogo anachokimeza ili nisikisikie. Nikajilaza kwenye turubai nikaacha kufikiri kitaalamu. Moto unataka nini? Kitu cha kuungua, kitu cha kuuanzisha, na pumzi. Viwili nilikuwa nimevishika kwa mkono. Cha tatu nilikuwa nimekiwazia tu. Nilikuwa nimeilaumu hewa ya wilaya ya Mufindi yote kabla ya kuhakikisha kama inaingia.

Nikamwomba mke wa mjomba kijinga cha moto kutoka jikoni, kile kinachotoa moshi tu. Hita ina bomba dogo chini ya sakafu linalovuta hewa kwa ajili ya moto wake. Nikiwasha, moshi wa kijinga ukiletwa karibu na mdomo wa bomba lazima uvutwe ndani. Niliwasha, nikakisogeza. Moshi ukapanda wima, ukagusa sakafu ya gari, ukatambaa pembeni. Haukuvutwa hata kidogo. Nikachukua tochi, nikamulika mdomo wa bomba.

Lilikuwa gunzi la mahindi. Lilikuwa limesukumwa ndani kwa ustadi, limekaza, limekatwa kwa kisu likalingana na ukingo wa bomba. Yeyote aliyelelewa Iringa anaijua kazi ile. Gunzi ndilo kizibo chetu cha kila kitu: kibuyu, chupa ya mafuta ya taa, tundu la ukuta, tundu la mlango wa ghala. Nilicheka peke yangu chini ya gari mpaka mke wa mjomba akauliza kama nimepigwa na umeme.

Mjomba alitokea wakati huo huo, gunia la viazi begani, matope hadi magotini.

"Kamwene!" alitusalimia kwa Kihehe, kwa sauti kubwa. "Bado mpo? Nimechelewa, nilidhani mmeniacha na viazi, sasa mko Makambako."

"Kamwene mjomba." Nilitoka chini ya gari na gunzi nililolichomoa. "Hili ni la nani?"

Alilitazama gunzi bila wasiwasi wowote. "Langu. Niliona bomba lako liko wazi jana jioni. Msimu huu panya wako wengi, wamefuata mahindi. Nikasema wakiingia humo watalala kwenye godoro la dada yangu."

"Mjomba, hiyo ndiyo pua ya hita."

"Pua?" Alitua gunia. "Pua yenye tundu moja? Hata mbuzi ana mawili."

"Huyo ni kaka yangu," mama alisema kutoka kwenye kigoda, "tangu utoto yeye ni kuziba tu. Alimzibia baba kiko chake kwa nta akidhani nyuki wataingia."

"Na waliingia?" mjomba akauliza.

"Hawakuingia."

"Basi."

Nilicheka, nikaligeuza gunzi mkononi, na hapo nikaona upande wake wa nje. Ulikuwa umetafunwa. Meno madogo, mapya, yamechimba karibu nusu kidole. Panya alikuwa amekuja kweli usiku ule, amejaribu, ameshindwa. Najua panya akiingia kwenye hita anafanya nini: anajenga kiota cha majani na pamba ndani ya feni, na ukiiwasha unaunguza vyote. Ningekuwa na kazi ya siku mbili, si ya asubuhi moja. Nilimwonyesha mjomba alama zile. Alikohoa kidogo kama mzee wa kanisa anayetaka utulivu, akaenda nyuma ya banda la kuku, akarudi na kipande cha wavu wa waya na koleo la kukunjia waya.

"Hii hewa inapita?" aliniuliza.

"Inapita."

"Panya je?"

"Hapiti."

Alilala mwenyewe chini ya gari, kwenye turubai langu, akaufunga wavu kwenye mdomo wa bomba. Nimefanya kazi na watu wenye vyeti wasioweza kukunja waya namna ile. Uko pale hadi leo, na sijaona sababu ya kuweka mwingine.

Niliwasha. Feni ikazunguka, pampu ikagonga, kwa muda hakukuwa na kitu, kisha tukasikia ule mvumo mzito wa moto unaoshika, na hewa vuguvugu ikaanza kupanda kutoka sakafuni. Mke wa mjomba aliweka kiganja juu ya tundu, akaguna, akaweka na cha pili. Mama alikuwa ameshapanda kabla sijamwita. Nilimpigia dada simu nikaishikilia karibu na hita asikie.

"Nasikia kelele tu," alisema.

"Kelele hiyo ni joto."

"Haya. Mwambie mama asivue sweta."

Mama alivua sweta kabla hatujafika Makambako, ambako upepo hupiga magari ubavuni kama unayadai. Pembeni watu walitembea wamejikunja ndani ya makoti; ndani ya kombi mama alikuwa anamenya ndizi na kunisimulia habari za dada yake, jinsi alivyokuwa anambeba mgongoni kuvuka mto ili asilowe, yeye akilowa. Tuliposhuka Igawa, kwenye tambarare za Usangu, makundi ya ng'ombe yalivuka barabara na vijana wa wafugaji wakayapigia miluzi, na jua likawa kali hata mama akaniomba nizime. Nilizima kwa furaha ya mtu anayezima kwa hiari yake. Kisha barabara ikaanza kupanda tena kuelekea Mbeya, mawingu yakashuka, nikawasha, na hita ikashika mara ya kwanza.

Iyunga tulifika alasiri. Mama mkubwa alikuwa kitandani katika chumba cha mbele, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, kilemba kimefungwa vizuri kwa ajili yetu. Mama aliingia, akasimama mlangoni. Hakuna aliyelia.

"Umechelewa," mama mkubwa alisema.

"Ni kaka yako. Alituziba."

Mama mkubwa alicheka mpaka tukamshika. Akauliza kuhusu gari, maana habari za kombi zilikuwa zimemfikia kwa simu. Akataka kuiona. Mwanawe akasema nje kuna baridi, lakini nikamwambia kwamba huko ndiko kwenye joto, na mimi ndiye ninayejua. Tulimbeba sisi wawili, tukamlaza kwenye kitanda cha nyuma, mama akapanda akajilaza kando yake, wakavuta blanketi moja hadi mabegani.

Mama mkubwa alituaga kabla ya mvua za kwanza. Mama hakurudi tena Mbeya hadi msiba. Nimeshukuriwa kwa kazi nyingi maishani, kwa lugha mbili na kwa barua zenye mihuri, lakini mimi mwenyewe siku ninayoishukuru ni ile, na watu wake wote.

Lakini alasiri ile nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa kombi, nimeinama, nikiwaeleza namna ya kugeuza kitufe cha hita, kidogo kwa joto dogo, zaidi kwa joto kubwa, na nilikuwa naanza kuwaeleza jinsi nilivyoipunguzia pampu kasi kwa ajili ya hewa nyepesi, mama mkubwa aliponikatiza.

"Mwanangu," alisema, "tumeelewa kwamba umesoma. Sasa funga mlango, joto linatoka."

Nilifunga. Wakaanza kuongea Kihehe cha zamani ambacho nusu yake siielewi.